Sponji Imeua Roki Yetu

Jumatatu, 4 Machi
Bendi yangu inakufa huku naiona. Nasema yangu kwa sababu niliianzisha mimi, hata kama wenzangu wanajisahaulisha. Zamani tulikuwa bendi ya roki ya kweli: majirani wakilalamika, tunaongeza sauti. Siku hizi tunapiga vitu laini vya kubembelezea watoto. Mpiga ngoma wetu, Kinyozi, anasema eti muziki wetu umekomaa. Umekomaa! Umeoza.

Jumanne, 5 Machi
Nimemjua mchawi: chumba! Tangu tuhamie karakana ya shemeji, fundi makochi, tunafanya mazoezi katikati ya sponji zilizopangwa mpaka darini. Gitaa langu likilia, sponji inameza. Nimewaambia tuhame. Dada, mwimbaji wetu, akauliza kama nina hakika. Ninayo! Jumamosi meneja wa ukumbi anakuja kutusikiliza. Akitupenda, tutapiga kwake kila wiki. Mimi mbele, bila shaka.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata stoo ya zege. Kuta tupu, sakafu tupu, mlango wa chuma. Nikakohoa, kikohozi kikazunguka chumba kizima kikanirudia. Nusura nilie kwa furaha. Spika nimebeba peke yangu. Wenzangu wote walikuwa na udhuru, kama kawaida.

Jumamosi, 9 Machi
Aibu! Meneja alikuja stoo, tukampigia. Ngoma zilinguruma. Sauti ya dada ilipaa. Kisha likaja gitaa langu. Kila nilipokosea, ukuta mmoja ulirudia kosa na wa pili ukalithibitisha. Dada aliacha kuimba, akanitazama. Kinyozi akauliza kama miaka yote hii nimekuwa nikipiga hivyo. Nikajibu kwa hasira kwamba sijabadilisha hata kidole. Nimejimaliza mwenyewe.
Meneja amewachukua wote isipokuwa mimi. Nimekaa kwenye ngazi za nje nikalia, na waliopita wameniona.

Jumapili, 10 Machi
Dada amekuja kunibembeleza. Amesema bado wanahitaji mtu wa kupanga spika, na kwamba yuko tayari kunifundisha upya, polepole, kulekule kwenye sponji, mpaka nirudi jukwaani. Alikuwa na machozi, maskini. Nikamwambia aende zake.
Nifundishwe nini? Kosa ni la stoo. Ni ndogo mno, sauti inabanwa. Nimeshamwomba mlinzi wa kiwanda anifungulie tangi lao kubwa la maji, la chuma, tupu kabisa. Nimewaalika wote, na meneja pia. Humo ndimo watanisikia vizuri.