Gari la Vishikio Sita

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu amepiga simu. Anakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Anakuja kunichukua. Nitakaa kwake. Chumba kipo, dirisha linatazama ukuta, lakini amesema ukuta wenyewe ni safi. Nyumba hii itapangishwa. Mpangaji ameshapatikana. Ni mwalimu, mtu mpole, ana watoto wawili na mashine ya kufulia.

Nimemwambia ninajiweza. Akasema, Baba, umeunguza sufuria tatu tangu mwaka uanze. Amejuaje? Mbili nilizifukia nyuma ya choo. Mtu pekee anayeweza kuziona ni shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Anakaa nyumba ya pili kutoka hapa, na tangu astaafu udereva wa basi hana kazi nyingine ila kuchungulia juu ya ukuta wangu.

Nikamwambia binti asihangaike na teksi akifika stendi. Nitampokea mwenyewe. Kwa gari langu.

Akauliza gari gani. Nikasema ataliona.

Sina gari. Nina siku nne.

Jumanne, 5 Machi

Nimeliona gari. Liko kwa fundi wa majeneza.

Nilikwenda kwake mwaka jana kwa ajili ya mke wangu. Nyuma ya karakana, chini ya turubai, niliona gurudumu. Haikuwa siku ya kuulizia magurudumu. Leo nimeuliza.

Fundi amefunua turubai taratibu, kama mtu anayefunua maandazi. Ni gari la spoti, la wazi, la watu wawili. Amelijenga mwenyewe kwa miaka minne, jioni jioni, kwa kuiga gari moja la zamani lililokuwa kwenye kalenda. Amenionyesha ukurasa wa kalenda. Gari la pichani ni jekundu. Fundi hakuwa na rangi nyekundu, alikuwa na vanishi. Picha imepigwa kwa mbele, kwa hiyo mbele amefuata picha. Nyuma hapaonekani pichani. Nyuma amepajenga kwa uzoefu wake.

Ubavuni lina vishikio vya shaba, vitatu kila upande. Kwenye kalenda havipo. Amesema aliona pamekaa patupu.

Wakati tunaongea alikuwa ananipima kwa macho kutoka kisogoni hadi visiginoni. Akataja urefu wangu. Hakukosea hata inchi moja. Nisijali, amesema, ni mazoea tu.

Zamani, tukiwa bado hatujapata mtoto, gari la wazi lilitupita barabarani. Ndani alikaa mwanamke amejifunga kitambaa cha bluu. Mke wangu alisimama akaliangalia mpaka vumbi likatua. Hakusema kitu. Lakini mimi nilimwona.

Jumatano, 6 Machi

Gari ni langu. Tumebadilishana. Mimi nimetoa mbao ngumu nilizoziweka kwa ajili ya kuongeza chumba ambacho hatukukiongeza. Fundi amezigongagonga kwa kidole akasema zitawafaa watu wengi. Sikutaka kuuliza zaidi.

Maelezo ya gari ni haya. Injini ni ya pikipiki. Ndani limetandikwa kitambaa cheupe laini, kimekunjwa mikunjo. Viti vimelala. Nikauliza havinyanyuki? Fundi akasema yeye katika kazi yake hajawahi kupata mteja wa kukaa.

Nikauliza gia ya kurudi nyuma iko wapi. Haipo. Amesema ukweli ni kwamba hakuifikiria. Kwake kila kinachotoka kimetoka.

Leseni ninayo, niliipata nilipokuwa mtunza stoo wa shule, kwa ajili ya trekta. Nimeliendesha hadi nyumbani nikiwa nimelala chali. Barabara sikuiona. Nimeona mabango, matawi, waya za umeme na mtu mmoja mrefu.

Shemeji alikuwa ukutani kabla sijazima injini. Ameliangalia gari kwa muda. Akasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Halafu akauliza kama nimeshachagua na siku.

Alhamisi, 7 Machi

Kwa kuwa gari halirudi nyuma, ni lazima safari iwe ya kwenda mbele tu. Nimechora ramani. Kutoka hapa hadi stendi ni kukunja kushoto mara tatu. Unaingia stendi kwa lango la mbele, unatoka kwa lango la nyuma, unakunja kushoto mara mbili, uko nyumbani. Sina haja ya kurudi nyuma hata hatua moja. Nikiitazama ramani, nashangaa kwa nini watu wanaisifu gia ile.

Kwa kuwa nitakuwa nimelala, inabidi njia niijue kwa vitu vya juu. Leo nimeitembea yote kwa miguu, uso juu. Kona ya kwanza ni tangi la maji. Ya pili ni nguzo yenye kiota cha kunguru. Ya tatu ni bango la dawa ya meno, lile jino linalocheka. Nimegongana na baiskeli mbili na mama mmoja aliyebeba ndoo. Mwenye duka la vitabu alinitolea kiti na maji. Akaniambia kwa upole kwamba wakati huponya. Nikamshukuru.

Jioni binti amepiga simu. Amesikia ninatembea mjini nikitazama mbinguni. Akaniuliza, kwa sauti ile anayotumia kwa watoto wake, kama huwa naongea na Mama. Nikasema hapana, nilikuwa natafuta kunguru.

Akasema basi atamwambia mpangaji ahamie mapema.

Yote haya ni ulimi wa shemeji. Kama ulimi wake ungekuwa breki, ningeufunga kwenye gari.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeosha gari na kulipiga msasa pale palipokwaruzika. Nimefagia nyumba. Nimepanga makopo jikoni. Kwenye vifuniko bado kuna mwandiko wa mke wangu. Kopo la sukari limeandikwa MAJANI YA CHAI na la majani limeandikwa SUKARI. Aliviweka vibaya siku moja ya haraka, akasema tutazoea. Tulizoea. Mpangaji hatazoea. Atabadilisha vifuniko siku ya kwanza, au mbaya zaidi, atavitupa.

Kwa hiyo kesho gari liende, na lirudi.

Saa kumi shemeji amekuja, safari hii mlangoni. Ameniambia lango la nyuma la stendi limefungwa. Eti wanajenga mtaro, karibu mwezi sasa. Amesema, shemeji, ingia na gari lako lile utakwama kama mfupa kooni. Muache mtoto apande teksi.

Nimemtazama usoni. Mtu aliyepeleka habari za sufuria zangu ndiye leo ananionea huruma. Nikamwambia ahsante kwa taarifa. Alipoondoka nikacheka. Mtaro wa mwezi mzima! Wivu huo.

Jumamosi, 9 Machi

Lango la nyuma limefungwa. Wanajenga mtaro.

Niandike kwa utaratibu. Safari ya kwenda ilikuwa nzuri. Tangi, kiota, jino. Upepo ulikuwa mzuri. Niliingia stendi saa tatu kasorobo, nikapita mabasi yote na vibanda vyote, nikafika mwisho, na mahali palipotakiwa kuwa na anga nikaona mabati. Nikasimama. Nyuma yangu likasimama basi. Nyuma ya basi likasimama basi. Wakaanza kupiga honi.

Kondakta wa basi la kwanza alikuja kuniambia nirudi nyuma. Nikamweleza. Hakuelewa. Akaja dereva, nikamweleza na yeye. Akasema mzee, usinitanie. Wakaja wengine. Mmoja akalitazama gari ubavuni akasema, mbona hili lina vya kushikia.

Kweli linavyo. Fundi hakukosea kuona pamekaa patupu.

Nilitaka kushuka. Lakini kushuka kwenye gari lile kunataka ujikunje kwanza, na goti langu la kushoto lilikuwa limeshakataa. Wakasema aachwe humo humo, mzee mwenyewe mwepesi. Walikuwa watano. Kishikio cha sita, nyuma kushoto, hakikuwa na mtu. Ndipo mkono mmoja ukatokea ukakishika. Ulikuwa wa shemeji. Alikuwa amekuja kuniona nikikwama. Mwaka jana, tulipomsindikiza dada yake, alishika hapo hapo, nyuma kushoto. Hakunitazama. Alisema tu, haya, moja, mbili.

Wakaninyanyua.

Nadhani mtu akishika kishikio cha aina ile miguu inajua yenyewe cha kufanya. Hawakwenda kwa kasi. Walikwenda hatua kwa hatua, wote pamoja, wakilizungusha gari taratibu kuelekea lango la mbele. Honi zikanyamaza. Dereva mmoja akazima injini. Fundi viatu akaweka nyundo chini. Waliokuwa wamekaa wakasimama, wenye kofia wakavua. Mimi nilikuwa nimelala juu ya kitambaa cheupe, mikono kifuani kwa sababu usukani ulikuwa unagonga, macho nimeyafumba kwa ajili ya jua.

Basi la asubuhi likafika wakati huo huo na kufungua mlango.

Nilisikia mzigo ukianguka. Nilisikia sauti ya binti yangu, si kubwa, ikisema Baba. Nikafumbua macho nikainuka kidogo ili nimsalimie.

Hilo halikusaidia. Muuza miwani alikimbia, na hadi tunaondoka miwani yake ilikuwa bado pale chini. Wabebaji wawili wa mbele waliachia. Mwanangu alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, nguo yake nzuri vumbini. Nikamuuliza habari za safari. Akaniangalia. Akaanza kulia. Katikati ya kulia akaanza kucheka, halafu vikachanganyika, nikawa sijui nimpe leso au nimwache.

Alipanda gari. Tumerudi nyumbani tumelala wote wawili tukiangalia juu. Kwenye bango la meno alisema, lile jino linacheka nini. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akiuliza kitu kisicho na maana.

Jumapili, 10 Machi

Binti amechemsha chai. Alifungua kopo la MAJANI YA CHAI akachota sukari bila kusoma. Amelelewa humu.

Amesema tuongee. Nikajiandaa kwa habari ya mpangaji. Amesema mwaka huu wote, simu ikilia alfajiri, roho humruka. Anaona watu wamembeba baba yake naye yuko mbali. Ndiyo maana alitaka nikae kwake, anione kila asubuhi. Sasa jana amekiona kile kile alichokuwa anakiogopa, kwa macho yake, na vishikio vyote sita, halafu nikainuka nikamuuliza habari za safari.

Amesema alikuwa anadhani nimekaa tu humu nikisubiri. Lakini mtu anayesubiri hafanyi vile. Mtu anayesubiri hanunui gari.

Nikakoroga chai. Nilijua nikifungua mdomo nitaharibu.

Nitabaki. Mwalimu atatafutiwa nyumba nyingine. Kuna sharti moja: nisinunue kitu chochote kabla ya kumjulisha. Nimekubali. Nimeapa mbele ya shemeji, ambaye alikuwa ukutani.

Nikamweleza kwa nini lile gari na si gari lingine. Nikamsimulia mwanamke wa kitambaa cha bluu, na jinsi mama yake alivyoangalia mpaka vumbi likatua. Akatabasamu. Akasema Mama alimsimulia habari ile mara nyingi. Mama hakupenda upepo hata kidogo, ulikuwa unamuumiza masikio. Alikuwa anaangalia kile kitambaa, Baba.

Miaka yote hiyo. Kitambaa ningekipata.

Nimemsindikiza stendi kwa miguu. Shemeji alibeba begi.

Jumatano, 13 Machi

Siku tulivu. Nimepika wali, sufuria ni nzima. Shemeji ameomba ufunguo wa gari, eti akanijaribie breki. Amezunguka mtaa mara nne. Breki zimejaribiwa vya kutosha.

Alasiri amekuja mgeni. Ni fundi wa redio kutoka upande wa pili wa mji. Alikuwepo stendi Jumamosi, alishika kishikio cha kati, kulia. Amesema tangu siku ile ananifikiria, kwamba hatimaye ameona mtu anayeelewa kazi ya mikono. Yeye nyumbani kwake ana ndege. Ndogo, ya mtu mmoja. Ameijenga mwenyewe uani kwa miaka sita na sasa mkewe anataka pa kuanikia nguo.

Mimi si mtoto. Nimemuuliza maswali ya mtu mzima. Imewahi kuanguka? Haijawahi hata siku moja. Nikauliza imewahi kuruka mara ngapi. Akanishika bega akasema swali hilo ndilo humtambulisha mnunuzi wa kweli.

Kutoka hapa hadi kwa binti yangu ni mwendo wa saa tatu kwa basi. Kwa ndege, fundi anakisia dakika arobaini. Ningeweza kunywa naye chai ya asubuhi, anione kama anavyotaka, nikarudi nyumbani kulala. Nashangaa hakuliwaza hilo mwenyewe.

Ahadi ni ahadi. Nimempigia simu kumjulisha. Imeita, hakupokea. Nimeiacha iite mpaka ikakatika yenyewe, ili asije akasema sikumjulisha.

Kesho naenda kuiangalia tu. Kofia ya kinga nimeshanunua.