Jinsi Haki ya Usingizi Ilivyoingizwa Katika Mkataba wa Ua

Sogeeni, enyi mlioona falme zikianguka, nanyi msioona kitu kwa sababu mna mtoto mchanga. Tulizeni vijiko vyenu, niwasimulie vita vilivyopiganwa uani kwetu, hapa Sliven, nchini Bulgaria, baina ya Lango la Kwanza na Lango la Pili la jengo letu, ambavyo shujaa wake, mwenye kandambili miguuni na maziwa yaliyoganda begani, ndiye mimi.

Jioni nahudhuria chuo, nasoma sheria za mataifa. Nami sina wakati wa kufungua kitabu ila binti yangu Bozhana alalapo mchana. Na Bozhana halali, kwa maana ifikapo saa nane hushuka Grozdan Mtikisa-Vumbi, simba wa Lango la Pili, akalicharaza zulia lake kana kwamba limemtukana mama yake.

Basi nikaandika Hati ya Haki za Msingi za Watoto wa Jengo. Kifungu cha kwanza: usingizi wa mchana hauvunjwi. Nikaibandika mlangoni. Wazee wakaisoma, wakafuta machozi. Grozdan naye akaisoma, zulia begani.

"Maneno matamu, mama Bozhana. Umemshinda hata padri."

Kisha akaenda kulicharaza zulia.

Nikamlilia mwalimu wangu wa chuo. Akacheka. "Hati yako iko nje ya mkataba, binti. Hata Ulaya nzima ilikaa miaka na hati yake ya haki, imening'inia kama picha ya harusi, mpaka mkataba mkuu ulipotamka kwamba ina nguvu sawa nao. Nenda kaiingize."

Nasi tunao Mkataba wa Ua, husainiwa upya kila Septemba siku ya kupika lyutenitsa, rojo letu la pilipili hoho na nyanya. Siku hiyo hakuna awezaye kuondoka kwa hasira: sufuria isipokorogwa huungua, na hiyo ndiyo akiba yetu ya majira ya baridi.

Siku ikafika, moto ukanguruma. Bibi Dochka, Malkia wa Mwiko, akachoka mkono.

"Hebu nishikie, mwanangu."

Nikaushika mwiko kama mkuki, nikanena: "Enyi mataifa mawili! Mstari mmoja tu uongezwe: Hati ya Haki ina nguvu sawa na Mkataba huu!"

"Thubutu!" akafoka Grozdan. "Leo usingizi, kesho mtasema nivue viatu ngazini!"

"Haya. Ila mkono wangu nao unachoka." Nikapunguza mwendo. Rojo likaguna.

"We binti! Unanitisha kwa sufuria yangu mwenyewe?" Bibi Dochka akapaza sauti, lakini aliyegeukiwa ni simba. "Saini, wewe! Chakula changu kiungue kwa ajili ya kizulia chako?"

"Basi wiki ya kabla ya Pasaka mniachie," akaomba simba. "Sikukuu ikikuta zulia chafu, mke wangu ataniua."

Msamaha wa Pasaka ukaandikwa, kwa Lango la Pili pekee. Grozdan akasaini, akaacha alama nyekundu ya kidole.

Kesho yake, saa nane, zulia likashuka kwa mazoea. Bibi Dochka akatokea roshani, akatoa ngurumo iliyorusha njiwa wa mtaa mzima:

"GROZDAN! HAKI ZA MSINGI!"

Ua ukanyamaza.

Bozhana hakushtuka hata kidogo. Alilala chali, ngumi zimefunguka. Aliyeshtuka ni shujaa wenu, aliyekuwa amesinzia juu ya kitabu, shavu limenata ukurasani. Nikausikiliza ukimya ule, mgeni asiyewahi kufika kwetu, nikafunua ukurasa wa pili, nikaulalia kwa shavu la pili.

Na iandikwe katika tarikhi za ua wetu: siku hiyo hati iligeuka sheria, na shujaa akageuza shavu.