Makumi Kwanza

Jumatatu, 17 Machi
Mwaka wa thelathini na moja ugenini. Mjukuu wangu kapata sifuri ya imla ya hesabu. Lugha ya huku hutanguliza mamoja. Mwalimu anasema nne na ishirini, mtoto anaandika nne kwanza, tayari arobaini na mbili! Binti yangu kasema akifeli tena Ijumaa, jioni zake zitahamia ghorofa ya chini, kwa Bwana Chaki wa tuisheni. Na mimi nitaongea Kiswahili na nani? Na birika la chai ya jioni nitalimaliza na nani? Binti mwenyewe hurudi kazini hoi, hujibu kwa kichwa.

Jumanne, 18 Machi
Dawa imepatikana! Nimemwambia mjukuu wangu, mama, ukisikia namba yao, igeuze Kiswahili kwanza. Makumi yanatangulia, kama wakubwa mlangoni. Kacheka. Kaandika hamsini na tatu sawasawa. Nikakaa kitini kama waziri.

Jumatano, 19 Machi
Bwana Chaki kanisimamisha ngazini. Eti mzee, bado unafundisha kwa lugha ya makumbusho? Nikamwambia makumbusho watu hulipa kuingia, kwake hata bure haingii mtu. Nikapanda mbio kabla hajajibu. Magoti yamenikomoa.

Ijumaa, 21 Machi
Asubuhi nilimrahisishia: usifikirie sana, kila namba wewe geuza tu.
Akageuza. Za imla kapata zote! Za ubaoni, zilizokwisha kuandikwa, nazo kageuza. Hata tarehe: 12. Mwalimu kauliza nani kamfundisha. Kajibu kwa fahari, Babu.
Binti yangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kasema taratibu tu, Baba, mtoto anaishi hapa.

Jumamosi, 29 Machi
Wiki nzima jioni hazina mtu. Bwana Chaki kamfundisha kwa vijiti: makumi fungu hili, mamoja fungu lile. Mtoto kapata zote. Nimempongeza kwa Kiswahili, kanijibu kwa lugha ya huku, vizuri, bila kugeuza chochote. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.
Lakini saa hajafundishwa! Huku siku huanza usiku wa manane, watu wote wamelala. Nani kaishuhudia? Yetu huhesabiwa tangu jua lichomoze. Kesho mama yake akitoka, namfundisha saa yetu, na Jumatatu akaitumie shuleni. Hapa hapana pa kuharibika.
Nimekesha; sasa hivi kwetu kunapambazuka. Sitarudi huko.