Heshima Yangu na Muwa wa Mama Marcelline

Jumapili, tarehe 2 Juni

Siku mbaya. Kosa ni la ulimi wangu, ila leo nailaumu sombe.

Jumatatu hadi Jumamosi mimi ni Sylvestre, muuza vipuri vya baiskeli sokoni Kasongo. Jumapili alasiri, nyuma ya karakana ya seremala, mimi ni Mlinzi wa Heshima katika Ufalme wa Nyota Saba. Nina kofia ya manyoya ya jogoo. Ndiyo, watu wazima tunacheza ufalme. Wengine wanacheza karata. Mfalme wetu ni Gédéon, fundi redio. Jenerali ni Mama Marcelline, muuza sombe, majani ya mihogo ya kutwanga.

Leo barazani nikasema sombe ya Jenerali ina mchanga mwingi kuliko barabara ya Kabambare. Watu wakacheka. Nikavimba kichwa. Marcelline akasimama, akadai pambano.

Pambano letu ni la miwa. Wawili wanapanda juu ya ubao, wanachapana mpaka kofia ya mmoja ianguke. Mshindwa anatoa cheo na kofia. Halafu mshindi anautafuna muwa wa mshindwa mbele ya watu wote, taratibu. Hapo ndipo panapouma.

Marcelline anatwanga sombe tangu utoto. Nimemwona akibeba kinu kama mtu anavyobeba kikombe. Mimi mzigo wangu mzito ni kikombe chenyewe.

Nikawahi kusema kwamba sheria ya kale haimruhusu mwanamke kupigana. Mfalme akauliza sheria gani ya kale, na ufalme tumeuanzisha mwaka juzi. Nikasema ya kale sana. Baraza litaamua Jumatano.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kampeni imeanza! Nimepita kwa wanaume mmoja mmoja. Nimewaambia mwanamke ni ua. Mwalimu Pacifique amekubali mara moja. Naye aliwahi kuisema vibaya sombe ile na anaogopa zamu yake.

Mke wangu Ernestine amenikuta uani nikizungusha mpini wa ufagio. Akauliza kama wanawake hawapigani, najizoeza kupigana na nani. Nikamwambia ni dawa ya mgongo. Mgongo ukasikia. Sasa unauma kweli.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Ushindi! Nimehutubia juu ya ulaini wa wanawake. Nimetoa mfano wa nyumbani: Ernestine wangu hawezi kufungua chupa ya mafuta ya mawese bila mimi. (Si kweli. Mimi ndiye humpelekea chupa anifungulie.) Rosine, anayeteremsha magunia ya mihogo kutoka Wamaza kwa mgongo wake mwenyewe, alicheka hadi akakaa chini. Lakini kura zimepita. Wanawake hawatapigana.

Nikacheza kidogo. Mapema mno.

Marcelline akauliza, kwa upole, kama yeye hawezi kupigana, nani atailinda heshima yake. Mfalme akafikiri, akatoa amri: kaka yake atapigana badala yake.

Kaka yake ni Joël. Sijawahi kumwona. Anachimba dhahabu Salamabila. Anapasua miamba kwa nyundo, kila siku, kwa riziki. Kesho kutwa anateremka kwa pikipiki.

Nami nikakaa chini, karibu na Rosine.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Asubuhi: bado naiwaza ile nyundo. Nikanywa chai. Kikombe cha pili kikanifungua macho. Haki! Usawa! Kwa nini mwanamke atetewe na kaka yake, kana kwamba yeye hana mikono? Ana mikono. Nimeiona. Lakini mikono ya sombe ni afadhali kuliko ya nyundo.

Nimewarudia wale wale. Pacifique akanikumbusha kwamba juzi mwanamke alikuwa ua. Nikamwambia juzi nilikuwa bado kijana.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Hotuba ya maisha yangu. Sauti ilitetemeka yenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele, Rosine akanipa ndizi. Sheria imepinduliwa: kila mwanamke raia wa ufalme anaweza kudai pambano na kupigana mwenyewe.

Tukiwa bado tunashangilia, pikipiki ikasimama. Akashuka mtu mwembamba, amejaa vumbi, mkono mmoja umefungwa bendeji. Joël. Jiwe lilimwangukia. Amekuja Kasongo kutibiwa.

Akanishika mkono kwa ule mzima. "Papa Sylvestre, mimi sijui kupigana. Nilikuwa nakuja kukuomba tu tuachane na hii vita."

Ndizi sikuimaliza.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nitakuwa mfupi, kama lilivyokuwa pambano. Nilipanda ubaoni. Niliinua muwa. Kofia ikaondoka. Manyoya mengine bado yako juu ya paa la seremala.

Marcelline aliutafuna muwa wangu wote, fundo kwa fundo, ananitazama machoni. "Muwa wako iko mutamu, Papa," akasema. "Kama ile hotuba yako."

Sasa yeye ni Mlinzi wa Heshima. Mimi ni raia tu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Usiku nimeona mwanga. Sheria haisemi neno juu ya wanaume wenye mgongo mbovu! Nitapendekeza wake zao wawapiganie. Ernestine naye anatwanga. Jumapili nitagusia maharage ya Marcelline, atadai pambano, Ernestine atanirudishia kofia. Safi kabisa.

Nimemweleza mpango wote akiwa kinuni. Akasimamisha mchi. Akauliza habari ya chupa ya mafuta ya mawese, kama kweli nilisema vile mbele ya baraza. Nikamwambia ni siasa tu, mama.

Akauweka mchi chini, akatoka. Jioni amerudi kutoka kwa Mfalme Gédéon, amejiandikisha uraia. Na amenunua miwa miwili, mirefu, migumu.

"Huu wangu," akasema. "Huu wako."

Mke mwema. Hata mimi kanikumbuka.