Jiko Langu Lishushwe Ukutani Dublin

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Maonyesho ya Picha, Dublin,

Nakuandikia kwa heshima zote, nikiamini kwamba ulilelewa na mama, na kwamba mama huyo alikuwa na jiko.

Mwaka jana tulimkaribisha Bi. Leticia Wogan, mchoraji. Alikula viazi vyetu, akasifu siagi yetu, kisha akatuanika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alikaa shambani mvua ikinyesha, akaligeuzia mgongo banda letu jipya la bati, fahari ya kitongoji kizima, akachora kinamasi. Mlima akaupaka zambarau. Nimezaliwa chini ya mlima ule, na haujawahi kuwa zambarau, hata ulipokuwa na sababu.

2. Mvua ilipomshinda akaingia jikoni. Ilikuwa zamu yetu ya Misa: padre anakuja kuisomea nyumbani kwetu, na majirani nyuma yake, macho yakikagua kila pembe. Kwa Misa hiyo hapa kwetu nyumba hupakwa chokaa mpaka kuku wanapotea njia. Nimeshika brashi, Bi. Wogan akanipigia magoti: "Mama Gilhooly, nakusihi, ngoja kidogo! Chokaa itaua kila kitu." Nikangoja, mjinga mimi. Akachora masizi.

3. Jirani yangu Delia Prendergast alikwenda Dublin kung'olewa jino, akarudi mbio na habari: "Sabina shoga yangu, jiko lako limetundikwa mjini! Watu wenye glavu wanalikodolea macho!" Padre aliona ukuta mweupe, nchi nzima inaona mweusi. Nani ataamini kwamba niliupaka?

4. Ukutani juu ya benchi, karibu na moto, amechora hata doa la mafuta ya nywele, pale marehemu mume wangu Festus alipozoea kuegemeza kichwa. Mwanamke gani mwenye akili zake huonyesha wageni doa?

Kwa hiyo naomba picha hiyo ishushwe, ipakwe chokaa, na serikali itunge sheria kwamba wachoraji wote waingie majumbani baada ya Misa, si kabla.

Nisalimie mkeo, walinzi wa mlangoni, na yeyote anayewasugulia sufuria.

Mimi, mwenye jiko,
Bibi Sabina Gilhooly,
Mayo

N.B. Barua ilikaa bila stempu, na juzi nikapanda treni kuja kujionea. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniambia, "Mama, tunafunga." Mwenyekiti, Festus hakuwahi kupigwa picha, na doa la nyumbani nililipaka chokaa kwa mkono wangu. Msiguse chochote.