Kiganja cha Hildegardi

Jumatatu, 2 Agosti 1954
Mwanangu ni mtakatifu! Hildegardi wangu anatoka damu kiganjani, katikati kabisa, pale pale pa msumari wa Bwana Yesu. Doa limetuna, jekundu kama kahawa iliyoiva. Wiki ya tatu sasa. Mwenyewe anasema alichomwa na kijiti cha mbuni wakati wa kuchuma kahawa. Mnyenyekevu huyo! Na Septemba anaingia kwa masista. Nimemkataza kufunga kitambaa.

Jumatano, 4 Agosti
Nimemkalisha barazani, kiganja juu. Kijiji chote cha Mapera kimekuja. Ephrasia naye akaja, mke wa katekista, ambaye tangu mwanawe apate ualimu hapumui bila kumtaja. Katazama kwa mbali. Akauliza, mama Hilde, kwani ukoma hujawahi kuuona? Mara kila mtu akakumbuka shamba lake. Uji wangu wa wageni umebaki chungu kizima.

Jumapili, 8 Agosti
Kanisani tumekaa benchi zima peke yetu. Masista wameleta neno: hawampokei bila barua ya daktari. Hilde hali chakula. Damu imelowesha kitabu chake cha sala. Kasema, mama, naogopa. Hata mimi. Hilo sikumwambia.

Alhamisi, 12 Agosti
Mbamba Bay. Tumeshuka kwa miguu siku mbili. Daktari, Mzungu mzee, kamdunga pini kila kidole. Hilde karuka kila mara. Basi si ukoma, mwenye ukoma hasikii. Akalikandamiza doa kwa kipande cha kioo: likapauka. Akaachia: likajaa wekundu tena. Akauliza nini kilimchoma. Hilde akasema kijiti. Mimi nikasema Mungu. Akaandika kijiti. Kasema ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu, hauna ubaya, ila kuota katikati ya kiganja ni nadra. Nadra! Nimelishika neno hilo. Kaukata, kauunguza mzizi, katuandikia barua ya kuwapa masista. Nimelia. Sijui kwa furaha au kwa hasara.

Jumamosi, 14 Agosti
Tumefika nyumbani. Njiani Hilde kanishika mkono, kaniomba nisilitaje tena jambo hili, kachoka kutazamwa. Maskini mwanangu. Nikaahidi, kikapu nimekikumbatia. Hajui kilichomo. Nilimbembeleza msaidizi wa daktari mpaka akanipa: kile kinyama kilichokatwa, ndani ya kichupa cha spiriti. Masalia ya mtakatifu hasa! Nimekiweka mezani, chini ya msalaba, na kitambaa cheupe. Ephrasia nimemwalika wa kwanza, atakaa mbele. Wote waje kesho Jumapili, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mara baada ya misa.