Mufereji wa Faida ya Wote

Jumatatu, tarehe 3 Novemba
Papa Télesphore, mukuu wa masomo wa chuo chetu, anataka somo jipya lenye kazi ya kusaidia jamii. Atakayelitunga vizuri njo atakayepewa, na cheo juu. Asistanti Fortunée naye anaandika. Fortunée! Juzi tu alikuwa mwanafunzi wangu. Sitakubali.

Jumanne, tarehe 4
Mvua. Maji yameingia tena hadi chini ya kitanda. Muke wangu Bertille ameuliza nitachimba mufereji lini. Nimemujibu kwamba muntu wa chuo hashiki jembe. Halafu, eh! Wazo! Jamii ni nini? Si ni watu? Na mimi si muntu?

Alhamisi, tarehe 6
Nimepeleka somo: “Usafi wa Mazingira na Upendo wa Jirani”. Mazoezi: wanafunzi wachimbe mufereji. Unaanzia mulangoni kwangu, unaishia kwenye kona ya parseli yangu, kiwanja changu mwenyewe. Majirani watafaidika kwa kuutazama. Fortunée anataka wanafunzi wasaidie mama wauza ndagala kuanika samaki ufukweni. Nimecheka peke yangu ndani ya biro yangu ya chuo. Papa Télesphore atakuja Jumamosi kuona kwa macho yake.

Jumamosi, tarehe 8
Musiba. Wanafunzi walichimba vizuri, wakiimba. Papa Télesphore alifika, akasifu. Nikamueleza kwamba mufereji ni wa wote. Hapo Bertille akatoka na sufuria ya bukari, ugali wa moto, na mboga ya sombe, na ndagala! Akawanawisha wanafunzi mikono, akawashukuru kwa kumusaidia bwana yake. Nilimukonyeza mpaka jicho likauma. Akasema mbele ya watu kwamba kwao Kongolo mwenye kazi njo anayelisha, yeye hataki aibu, na kwani mufereji huu ni wa nani? Papa Télesphore akaniuliza mimi swali hilohilo. Kisha akala. Alikula sana! Nikadhani nimepona.

Jumatatu, tarehe 10
Sikupona. Somo amepewa Fortunée. Mimi ni musaidizi wake: kesho alfajiri niko ufukweni, nageuza ndagala. Uchungu ulioje! Nimemuambia Bertille bukari yake imeniua. Amenijibu nishukuru Mungu, nyumba ni kavu.

Jumatano, tarehe 12
Nanuka samaki mpaka masikioni. Lakini kosa langu nimeliona: Jumamosi Bertille yuko nyumbani. Jumapili yuko kwaya mpaka saa nane! Leo nimepeleka somo lingine: “Kuwahudumia Wazee”. Kila Jumapili wanafunzi watamujengea muzee mumoja chumba, katika parseli yangu. Muzee nimekwisha kumupata: baba yangu anayekaa Kabalo. Anahamia kwetu mwezi ujao. Bado hajui.